Chai ya Shahidi wa Kumi na Nne

...basi nikamwambia, dada, kiweke chini hicho kikombe kwanza, utakivunja. Eh! Kimerudi? Kule nyuma mnanisikia? Haya, kipaza sauti kimerudi. Kimezimika nikiwa patamu kabisa, lakini mshereheshaji ananinong'oneza kwamba kabla sijaendelea nirudie salamu, maana zile za mwanzo zimekwenda na umeme na wakubwa hawakusikia wakitajwa. Sawa. Tuanze upya.

Mheshimiwa Jaji Mstaafu, mgeni wetu wa heshima, uliyekuwa Mwenyekiti wa Tume ya Kuchunguza Kuuawa kwa Waziri, Bwana Katibu, uliyekuwa Katibu wa Tume hiyo na sasa ni Katibu wa idara yetu nzima, wakuu wa vitengo, kila mmoja kwa cheo chake, ndugu waandishi wa habari, mliochagua viti vya karibu na meza ya chakula, wafanyakazi wenzangu, wageni waalikwa, na wewe mdogo wangu fundi cherehani, uliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ambaye gauni alilolivaa mstaafu wetu leo ni kazi ya mikono yako: hamjambo? Hamjambo tena? Meza kuu sijawasikia. Ahsanteni.

Mimi mnanijua. Asiyenijua anaijua chai yangu. Wanangu hapa ofisini wananiita Mama Birika, na nimekaa kwenye jiko la chai la jengo hili miaka kumi na tisa. Shule nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo mkinisikia nimekosea cheo cha mtu, naomba mnisamehe, sikukusudia, nilikosea tu. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya sisi wafanyakazi wa chini, kumuaga dada yetu mpiga chapa, ambaye leo saa kumi jioni anastaafu. Ratiba inasema nina dakika tano. Aliyeandika ratiba hanijui.

Huyu dada, jina lake lipo kwenye kadi mlizoshika, lakini sisi tunamwita Bi Mashine. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ukimsemesha akiwa anachapa, atayachapa na hayo yako. Amefundishwa kazi mahakamani, zamani, na huko walimwambia kitu kimoja: kinachotokea mbele yako, kichape. Siyo unachokipenda, siyo unachokielewa, kinachotokea. Basi. Mtu akisema, anachapa. Akikohoa, anafungua mabano anaandika, shahidi anakohoa, anafunga mabano. Siku moja kwenye Tume mjumbe mmoja alisinzia baada ya chakula cha mchana, na jioni ukurasa ulipopelekwa kusainiwa ukakutwa na mabano: mjumbe wa pili amesinzia, dakika kumi na moja. Bwana Katibu alishuka na ule ukurasa mkononi, amevimba.

"Hili litoe."

"Nitoe nini?"

"Hili la kusinzia."

"Hakusinzia?"

"Alisinzia, lakini si ushahidi!"

"Mimi sijui ushahidi ni upi, Katibu. Huo mnachagua ninyi. Mimi nachapa."

Nilikuwa nimesimama hapo na sinia. Chai ilipoa. Na mjumbe wa pili mpaka leo, nasikia, akihudhuria kikao anakaa wima kama kijiti.

Sasa, kwa wale vijana mlioajiriwa juzi, na kwa wageni, niwakumbushe kidogo ile habari, msije mkadhani namsifia mtu kwa kazi ndogo. Miaka kumi iliyopita Waziri alipigwa risasi ndani ya gari lake, asubuhi, pale barabara inapokatiza reli. Nchi nzima ililia, tukaundiwa Tume, na Tume ikapewa ukumbi huu huu tulimo. Mheshimiwa Jaji ulikaa pale pale ulipokaa leo, hata kiti nadhani ni kile kile, maana nakumbuka mguu wake mmoja ulikuwa mfupi nikawekea kadibodi. Kipo sawa? Haya. Miezi kumi na moja mlikaa. Mashahidi arobaini na wawili waliitwa. Na mwisho ikatoka ripoti, nene, jalada la bluu, ambayo kila mtu aliisoma na hakuna aliyeikubali. Familia ya Waziri iliikataa. Magazeti yaliikataa. Wanaume wa kwa kinyozi, pale ng'ambo ya barabara, waliikataa bila kuisoma.

Lakini mimi nasema, wakati mwingine watu wanapenda kulaumu tu. Ripoti ilijitahidi. Ilisema muuaji alikuwa mtu mmoja, hakutumwa na yeyote, na kwa bahati mbaya alianguka ngazini katika kituo cha polisi kabla hajaulizwa swali. Watu wakasema kile kituo hakina ghorofa. Sasa ndugu zangu, kwani ngazi lazima iende ghorofani? Mimi jikoni kwangu nina ngazi, ya kufikia makopo ya juu. Tuwe na huruma na wanaoandika ripoti.

Na ripoti ikasema jambo la pili: kwamba dereva wa Waziri alisimamisha gari pale relini kwa makusudi, geti la reli likiwa wazi, ili muuaji apate nafasi. Na ikasema dereva huyo, shahidi wa kumi na nne, aliitwa mbele ya Tume na hakutokea. Ukurasa wa themanini na saba. Mtu asiyetokea kujitetea, wakaandika, amejihukumu mwenyewe. Sentensi nzuri. Ilisomwa redioni mara tatu kwa siku, wiki nzima.

Dereva alifukuzwa kazi. Akaenda kutengeneza baiskeli. Wanawe shuleni wakaitwa watoto wa msaliti, wakahamishwa shule, wakaitwa hivyo hivyo na huko. Yeye mwenyewe alifariki miaka minne iliyopita, kifua. Mkewe amekwisha kuja kwenye idara hii mara tatu kuomba ripoti irekebishwe. Mara tatu amejibiwa kwa barua, iliyoandikwa vizuri, kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya mumewe kufika mbele ya Tume, na kama anayo alete. Na malalamiko, nyote mmeona tangazo ubaoni, mwisho ni Ijumaa hii. Baada ya Ijumaa jalada linafungwa na halifunguliwi tena.

Leo ni Jumatano. Nimesema tu, msije mkachanganya siku.

Mtauliza, Mama Birika, haya yanahusiana nini na mpiga chapa? Subirini. Mimi siwezi kumsifia mtu bila kupitia njia ndefu, ndivyo nilivyozaliwa, mama yangu alikuwa hivi hivi.

Nirudi kwenye kazi yake. Bi Mashine alikuwa anachapa nakala tatu kwa mpigo. Karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi. Ya kwanza ilikuwa inakwenda kwa Mwenyekiti. Ya pili inakwenda kwa Katibu. Ya tatu, ile iliyofifia, amri ilikuwa ichanwe. Sasa nyie mmezoea kompyuta, hamjui uchungu wa kuchana karatasi ambayo upande mmoja ni mweupe kabisa. Bi Mashine hawezi. Huyu ni mtu anayekata bahasha kuukuu akaandika orodha ya sokoni. Kwa hiyo nakala za tatu alikuwa ananiletea jikoni, nami natandika makabati. Kila jiko la chai la ofisi nililowahi kuingia, kabati limetandikwa karatasi za ofisi. Mkubwa akitaka kujua siri za idara nyingine aende tu akainue sahani zao.

Na kutandika kuna utaratibu wake. Maandishi chini, weupe juu. Kikombe kinakaa pasafi. Mimi na yeye hatujawahi kupishana katika hilo.

Sasa kuna asubuhi moja. Mimi nashika sura za watu kwa vikombe vyao. Katibu sukari tatu. Jaji, maziwa kwanza ndipo chai, na usipofuata anajua. Asubuhi hiyo kaja shahidi, mwanamume mrefu, koti limebana mabegani, kakaa kwenye benchi la nje ya mlango ule. Nikamwuliza, "Baba, sukari ngapi?"

Akasema, "Usiweke, mama."

"Una kisukari?"

"Hapana. Mkono unatetemeka. Nikikoroga nitaimwaga yote na hapa kwenu pasafi."

Nikamwambia, "Kwani mimi sina mkono? Nitakukorogea."

Akacheka. Akasema hapana, ameshazoea tangu ile siku. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, hivi, kama mtu anayeota moto. Na akakibana mpaka mkono wa kikombe ukakatika. Kaona haya, jamani! Akaufunga ule mkono kwenye leso akasema ataununulia gundi aurudishe. Nikamwambia acha, baba, ofisi ina vikombe.

Halafu wakamwita ndani. Waliita, "Shahidi wa kumi na nne."

Niliwapelekea maji mara mbili. Alikuwa ndani tangu saa tatu mpaka saa sita kasoro. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama pale ilipo keki sasa hivi.

Naona meza kuu mnaangaliana. Nakaribia kumaliza, Mheshimiwa, usiinuke, kile kiti ukiinuka ghafla kadibodi inatoka.

Ikapita miezi. Siku moja Bi Mashine akapewa ripoti aichape safi kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji. Mchana nikamwona anaingia jikoni. Huyu dada hajawahi kuja jikoni mchana, chai yake anapelekewa. Kafungua bomba, kasimama, maji yanatoka, hanawi, hanywi. Nikamwuliza una nini. Nikamwekea chai. Akashika kikombe, na hapa ndipo umeme ulipokatika mwanzo, akakishika hivi, mpaka nikamwambia dada kiweke chini, utakivunja, tayari kuna mwenzio alinivunjia.

Akasema, "Unamkumbuka?"

Nikasema, "Nitaachaje kumkumbuka? Yule wa bila sukari."

Akasema, "Nimechapa sasa hivi kwamba hakuja."

"Si ukatae?"

"Nilikataa. Katibu akasema hii siyo mahakama, hii ni ripoti. Kwenye ripoti nachapa kilichoandikwa, siyo kilichotokea. Akasema nikiona vigumu, yuko binti mwingine ghorofa ya tatu anayejua kuchapa, na mimi nina miaka tisa tu nifike kwenye pensheni."

"Ukachapa."

"Nikachapa."

Nawaambia ukweli kwa sababu leo ni siku ya kumsifia, na sifa ya uongo inanuka. Alichapa. Hajawahi kunificha hilo, na yeye mwenyewe, mnamwona amekaa pale, hajatikisa kichwa kupinga.

Lakini akafungua mkoba wake, akatoa karatasi kama kumi na tisa hivi, nakala za tatu, zimefifia lakini zinasomeka. Akaniambia, "Kabati la vikombe. Rafu ya chini."

Nikasema sawa, nitatandika kesho.

Akasema, "Leo. Na uweke maandishi juu."

"Maandishi juu? Dada, wino utashika vikombe."

"Weka nailoni juu yake. Maandishi juu."

Nikamwangalia. Akanisogelea akaniuliza swali ambalo sikulielewa kwa miaka. Akaniuliza, "Wewe walikuapisha?"

Maana mnajua, Tume ilipoanza, wote waliapishwa kutunza siri. Wajumbe, Katibu, mpiga chapa, walinzi, hadi fundi aliyekuja kubadilisha taa alishikishwa kitabu akaapa. Kiapo cha utumishi, mpaka siku unayoondoka kazini. Nikasema, "Mimi? Siku ile mlipokuwa mnaapa nilikuwa nachemsha maji. Hakuna aliyenikumbuka."

Akasema, "Vizuri." Akanywa chai yake, akarudi kuchapa.

Sasa mimi, kama nilivyosema, darasa la tatu. Kusoma kwangu kulikuwa kwa kubahatisha. Lakini ukiwa unakausha vikombe arobaini kila siku, macho lazima yaende mahali. Nikaanza neno moja, kesho mawili. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimemaliza karatasi moja. Leo hii nasoma gazeti, nasoma dawa za wajukuu zangu, nasoma kadi za mialiko, yote kwa sababu ya rafu ya chini. Kwa hiyo Bi Mashine, mwalimu wangu, ahsante. Wengine wanasoma kwenye vitabu, mimi umenisomesha chini ya visahani.

Na zile karatasi nazijua kwa kichwa, kama wengine wanavyojua nyimbo. Niwaimbie kidogo?

Swali: Kwa nini ulisimama? Jibu: Geti lilikuwa chini. Swali: Treni ilikuwepo? Jibu: Haikuwepo. Swali: Sasa kama treni haikuwepo, ungeshindwa nini kulipita pembeni? Jibu: Mheshimiwa, geti likiwa chini mimi nasimama. Ndiyo kazi niliyosomea. Mabano, shahidi anaomba maji.

Hayo maji niliyapeleka mimi.

Swali: Nani aliteremsha geti? Jibu: Siyo mzee wa siku zote. Mzee wa geti namjua, kila asubuhi tunapungiana, anavaa kandambili. Huyu alivaa viatu vyeusi vya kung'arishwa, vya kamba. Alipoteremsha geti alitazama saa. Swali: Unaweza kumtambua? Jibu: Naweza. Mabano, Mwenyekiti anaagiza swali linalofuata.

Nampenda Bi Mashine kwa mabano yake. Mtu mwingine angeliacha lile.

Ipo nyingine, karatasi ya mwisho kabisa, hiyo ndiyo imepata alama ya duara la kikombe, samahani, kabla sijapata nailoni. Swali: Una la kuongeza? Jibu: Ninalo moja. Funguo za gari bado ninazo. Tangu siku ile hakuna aliyeniambia nimkabidhi nani, na gari si langu. Mabano, shahidi anaweka funguo mezani.

Halafu sahihi yake. Maana kila shahidi alikuwa anasaini chini ya kila ukurasa, na Mwenyekiti naye anaweka herufi zake pembeni. Alibonyeza kalamu, masikini, na ule mkono wake, mpaka sahihi imepenya kaboni zote mbili. Nakala ya tatu unaweza kuipapasa kwa kidole ukaisoma macho yamefumba. Na zile herufi za pembeni pia.

Sasa mimi huwa najiuliza, maana kazi za jikoni zinampa mtu nafasi ya kujiuliza. Kwenye hiyo ripoti ya bluu, nyuma kabisa, kuna orodha ya vielelezo. Kielelezo namba tisa: funguo za gari la Waziri, zimepatikana mezani ukumbini. Zimepatikana. Ndugu zangu, dereva hakuja, ila funguo zilikuja. Zilipanda ngazi zenyewe, zikasubiri zamu yao kwenye benchi, zikaingia, zikajiweka mezani. Na kumbukumbu za shahidi wa kumi na nne, Bwana Katibu ulituambia, zilipotea wakati ofisi ikihama kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kuna vidato ishirini na viwili. Navifagia mimi. Nimepata vifungo, nimepata hereni, nimepata jino la bandia la mtu ambaye sitamtaja kwa kuwa yumo humu na anacheka. Karatasi sikupata.

Mtaniuliza, mama, miaka tisa ulinyamaza? Kwanza hakuna aliyeniuliza. Hizo barua zinasema mwenye kumbukumbu alete, ziliandikwa kwa mkewe, sikuandikiwa mimi. Pili, na hili nalisema bila mzaha, niliogopa. Nina wajukuu, na jiko lile ndilo linalotulisha. Nilikuwa nainua vikombe, nasoma, naviweka. Yule mama alikuja mara tatu. Mara ya pili alikaa kwenye benchi lile lile la nje akisubiri barua, nikampelekea chai, nikamwuliza sukari ngapi, akasema usiweke, nimezoea ya nyumbani, mume wangu alikuwa hatumii. Nikarudi jikoni nikafunga mlango. Sikumwambia kitu. Hilo naomba radhi hapa mbele yenu, na mbele yake.

Mwezi uliopita Bi Mashine akaniambia anataka gauni la kuagiwa. Nikamwambia fundi yuko hapo kwenye kona. Akasema hapana, yuko mmoja ng'ambo ya soko. Tukaenda. Tulipita mafundi saba, nimewahesabu, miguu inaniuma, nikamwuliza dada, huyo fundi anashona kwa dhahabu? Kaongeza mwendo. Tukafika kwenye kibaraza, mama mmoja na cherehani, na pembeni ya mlango baiskeli mbili kuukuu ambazo hazina mwenyewe. Ukutani, kwenye msumari, umening'inizwa mkono wa kikombe. Umepakwa gundi upande mmoja, tayari kurudishwa. Ofisini kwetu hakuna asiyekijua kikombe kile cha kijani ambacho hakina mkono, na mimi ndiye ninayekataa kisitupwe.

Nikamwangalia Bi Mashine. Bi Mashine kainua mikono apimwe. Akamwambia fundi, "Nitakuletea kadi ya mwaliko. Uje. Ukae karibu na mlango, na uje na mkoba mkubwa." Kisha njia nzima ya kurudi akanisemesha neno moja tu: "Wewe ndiye utakayenisemea. Mimi kiapo changu kinaisha saa kumi. Wewe huna."

Basi ndugu zangu, niseme nini zaidi juu ya mtu kama huyu? Wengine wakistaafu wanaacha pengo, wengine wanaacha kiti, yeye ameacha kabati. Nasikia kesho asubuhi mafundi wanakuja kubomoa jiko langu kuweka mashine ya chai ya kubonyeza, ambayo haimwulizi mtu sukari ngapi, na makabati yote yatachomwa. Bwana Katibu alisaini juzi. Nilimpongeza, nikasema maendeleo ni maendeleo, na nikaomba nibaki na ufunguo wa kabati la vikombe mpaka sherehe hii iishe, kwa ajili ya...

Nani? Mshereheshaji ananiita? Sauti kubwa, mwanangu, kipaza sauti kinafanya kazi. Katibu anasema nini? Meza kuu wanataka chai? Sasa hivi? Na niache kusema niende? Sawa kabisa, wala sina ubishi, ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na ukurasa mzima wa kumsifia, nitamalizia huko huko jikoni.

Ila vikombe ni arobaini na mikono yangu ni miwili. Mdogo wangu fundi, wewe hapo mlangoni, inuka, njoo unisaidie kutoa vikombe. Njoo na mkoba wako. Usilie sasa hivi, jiko liko hatua kumi tu, na rafu yenyewe ni ya chini, utapiga magoti. Kile cha kijani ni chako, uondoke nacho.

Bi Mashine, saa ngapi? Saa kumi na dakika mbili. Haya, dada, unaweza kuzungumza sasa.

Ndugu waandishi, jiko ni dogo, ingieni wawili wawili. Mheshimiwa Jaji, maziwa kwanza, nakumbuka. Wote mlionipa masikio yenu nawashukuru sana, ahsanteni. Nakuja, Katibu, nakuja, usinivute mkono, nimeshika ufunguo.